Maswali ya Wasomaji: Gede kwa Miguu

Barua tulizochagua safari hii ni za watu wanaotaka kutembea kwa miguu katika miji ya kale iliyohamwa na kumezwa na msitu. Nyingi zinahusu Gede, mji wa mawe ulio karibu na Malindi na Watamu, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Moja inahusu Takwa, kisiwani Manda.

SWALI: Salaam kwenu. Nataka kwenda Gede kwa matatu na kurudi Mombasa siku hiyo hiyo. Nitoke saa ngapi, nikae ndani muda gani, na nianzie wapi ili nisizunguke ovyo? (Msomaji, Kisauni)

JIBU: Panda matatu ya Malindi alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili unusu. Safari ni ya saa mbili hivi, foleni ya Mtwapa ikikubali. Mwambie utingo mapema akushushe stendi ya Gede, pale njia ya Watamu inapoachana na barabara kuu. Wengi hupitiliza kwa sababu hungoja kuyaona magofu kutoka dirishani, na hayaonekani kamwe, kwani msitu umeyafunika. Kutoka stendi hadi langoni ni kama kilomita moja, ukitembea au ukipanda bodaboda. Beba kitambulisho, maana viingilio vya raia, wakazi na wageni havilingani. Usitegemee noti peke yake: simu iwe na chaji na salio la M-Pesa.

Mji wa ndani unataka saa moja na nusu hadi mbili. Njia ya nje, inayopita msituni kuelekea ukuta wa mwisho wa mji, inataka saa moja zaidi. Anayesema alimaliza Gede kwa dakika arobaini amepita tu, hajauona.

Sasa uanzie wapi. Karibu na mwanzo wa njia kuna kaburi linaloitwa Kaburi la Tarehe. Simama hapo, maana lina mwaka wa Hijria 802 ulioandikwa ukutani, ambao ni sawa na 1399 ya Miladia, na tarehe hiyo moja imewasaidia watafiti kupima umri wa majengo mengine mengi. Jirani yake liko kaburi la mnara, lenye nguzo iliyochongwa mifereji ya wima. Kisha nenda Msikiti Mkuu. Watu wengi hukimbilia Kasri, na kwa maoni yetu hilo ni kosa, kwa sababu Kasri lina vyumba na nyua nyingi zinazofanana na mgeni hutoka humo akiwa amechoka bila kuelewa kitu. Msikitini utapata kisima, birika la kutawadhia, safu za nguzo na mihrabu, lile shubaka la ukutani linaloonyesha kibla, yaani upande wa Makka. Kibla kwetu pwani kiko kaskazini, basi mihrabu ndiyo dira yako. Ukipotea mwelekeo kati ya nyumba, rudi msikitini, utazame mihrabu, na ramani yako itakaa sawa.

Sogea karibu na mihrabu hiyo bila kuigusa. Utaona mashimo ya duara, ya ukubwa wa bakuli. Humo mlipachikwa mabakuli ya kauri kutoka ng'ambo, yakameremeta kila taa ilipowashwa. Halafu tafuta mlango wa upande wa mashariki wenye mkuki wa jani pana uliochongwa pembeni mwa tao. Asubuhi jua likiwa chini, mchongo huo hujitokeza wenyewe. Saa sita mchana unaweza kupita mbele yake usiuone.

Kutoka hapo fuata maji. Kila ukiingia ua wa nyumba, tafuta kwanza kisima kiko wapi, maji yalibebwa kwenda wapi, na majitaka yalitoka vipi. Vyoo vya Gede vina shimo na pembeni mna jukwaa dogo la kuogea na kutawadhia lenye mahali pa chombo cha maji. Ukishaelewa choo na kisima cha nyumba moja, nyumba kumi zinazofuata utazisoma bila kufundishwa. Hapo ndipo Kasri nalo linapoanza kueleweka, pamoja na nyua zake za kupokea wageni na mabaraza ya kukalia. Kasrini ndimo lilimopatikana fingo, chungu cha dawa kilichozikwa ardhini ili kuilinda nyumba.

SWALI: Natoka bara na sijawahi kutembea msitu wa pwani. Nivae nini? Na ni miezi gani niiepuke? (Msomaji, Nyahururu)

JIBU: Anza na miguu. Jiwe la matumbawe lina meno kama ya mbuzi ya nazi, na mizizi imelivunja vipande vilivyofichwa na majani makavu. Vaa viatu vilivyofunika vidole, vyenye soli ya mpira iliyochimbika. Kandambili zitakukosesha raha kabla hujafika nyumba ya tatu, na si mawe tu yanayosumbua, bali pia siafu. Ukikuta msafara wao njiani, usisimame kuupiga picha miguu ikiwa katikati. Uruke kwa hatua moja ndefu, kisha ujikague umbali wa mita kumi mbele. Siafu hupanda kimya na kuuma wote kwa pamoja.

Suruali ndefu nyepesi ya pamba, shati la mikono mirefu, dawa ya mbu. Maji ni lita moja na nusu kwa kila mtu kwa ziara ya saa tatu. Watu wa bara hudanganywa na kivuli: wakiona hakuna jua huacha chupa kwenye gari. Lakini ndani ya msitu hakuna upepo, hewa imejaa unyevu, na jasho halikauki, kwa hiyo mwili haupoi. Kichwa kikianza kugonga ujue umechelewa. Kunywa kidogo kidogo tangu langoni.

Miezi mizuri ni Julai hadi Septemba, wakati wa kusi, hewa ikiwa poa. Januari na Februari njia ni kavu lakini joto ni kali, basi maliza kabla ya saa tano. Masika, Aprili hadi Juni, ndiyo ya kuepuka kama unaweza: mawe yameota kuvu la kijani na yanateleza, mbu ni wengi, na kuta zilizolowa ndizo zinazoangusha mawe.

Wakati wa kiangazi tahadhari na upupu, hasa ukiacha njia. Maganda yake yana manyoya ya rangi ya dhahabu yanayopeperuka hata bila kuguswa. Ukipatwa, usijikune wala usisugue kwa maji, kwa kuwa utayazamisha manyoya ndani ya ngozi. Bandika utepe wa gundi uubandue, au paka tope laini, uliache likauke na kulibambua, kisha ndipo uoshe kwa maji mengi. Nguo ulizovaa zitie mfukoni peke yake.

SWALI: Mimi ni fundi mwashi. Nimeona kuta za Gede zimefungwa vichwa kwa chokaa, na nyingine zimeachwa na mti juu yake. Kwa nini wasipige saruji mara moja, wakakata na ile miti? (Fundi, Malindi)

JIBU: Fundi, umeuliza swali ambalo lingeulizwa mapema, majengo mengi ya kale ya pwani yangekuwa bado yamesimama.

Ukuta wa Gede ni mawe ya matumbawe yaliyochimbwa ardhini, yakashikanishwa kwa chokaa na mchanga, kisha yakapigwa lipu ya chokaa. Kwa kazi laini, kama kingo za milango, mihrabu na zidaka (vishubaka vya ukutani), mafundi walitumia tumbawe la baharini, ambalo likitoka majini hukubali kuchongwa, kisha huwa gumu likikauka. Vitu vyote hivi vinapitisha unyevu. Mvua ikinyesha, ukuta hunywa maji. Jua likitoka, huyatoa kupitia viungo vya chokaa. Chokaa ni laini kuliko jiwe, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, maana kinachochakaa ni kiungo, na kiungo unaweza kukijaza upya.

Ukitia saruji umeugeuza mpango huo juu chini. Saruji ni ngumu kuliko jiwe na haipitishi unyevu, basi maji yaliyonaswa hutafuta njia kupitia jiwe lenyewe. Yakitoka huacha chumvi chini ya ngozi ya jiwe, chumvi hiyo hukua kuwa punje, na punje zinabambua jiwe kidogo kidogo hadi liwe unga. Baada ya miaka kadhaa utakuta viungo vya saruji vimesimama kama mbavu, na mawe yameliwa kuzizunguka. Pitisha jicho kwenye ukuta wowote wa kale uliozibwa kwa saruji, popote pwani, utaziona mbavu hizo.

Chokaa nayo ina masharti. Wazee walichoma matumbawe kwenye tanu la magogo, wakayazima kwa maji, wakaiacha chokaa ilale muda mrefu kabla ya kuitumia. Mchanganyiko wa kawaida ni chokaa moja kwa mchanga tatu, na mchanga usiwe wa pwani wenye chumvi. Lipu isizidi sentimita moja kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja. Ukitaka unene zaidi, ngoja mkono wa kwanza ushike. Kosa linalorudiwa sana ni haraka: chokaa haikauki tu, inafunga kwa kuvuta hewa ya kaboni, na kazi hiyo inataka unyevu. Ikipigwa na jua la mchana siku ya kwanza hupasuka na kupukutika kama unga wa chaki. Ifunike kwa magunia yaliyoloweshwa siku kadhaa. Na kichwa cha ukuta kiwe na mgongo, ili maji yateremke pande zote badala ya kutuama.

Ama miti. Mbegu za miti ya tini huletwa juu ya kuta na ndege na kima, mizizi ikashuka katikati ya ukuta na kuupanua kama kabari. Mche mdogo hung'olewa mapema. Lakini mti uliokwisha kuwa mkubwa huenda ndio unaoshikilia ukuta. Ukiukata, mizizi huoza, huacha mapango ndani, na ukuta hulala chini misimu michache baadaye, wakati kila mtu amesahau kwamba mti ulikatwa. Ndiyo maana mingine hupunguzwa matawi tu ili upepo usiutikise ukuta, shina likaachwa.

Na hapo ndipo mtembezi anapohusika. Kichwa cha ukuta ndicho paa lake. Mtu mmoja akikaa juu apigwe picha, akavunja kipande cha chokaa cha ukubwa wa sahani, ameufungulia mvua mlango.

SWALI: Nafundisha darasa la saba, nina wanafunzi 40. Mwaka jana walitawanyika, kelele tupu, wakarudi na picha za kima tu. Tufanyeje? (Mwalimu, Kilifi)

JIBU: Mwalimu, wagawe makundi matatu ya 13 au 14, kila kundi na watu wazima wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Yaanzie mahali tofauti: moja jumba la makumbusho, moja Msikiti Mkuu, moja nyumba za jirani na Kasri, halafu yazunguke. Makundi mawili yasikutane ndani ya jengo moja, kwa maana milango ni myembamba na msukumano ndio unaovunja kingo.

Wape kazi za mikono, si mihadhara. Kazi ya kwanza iwe utepe wa kupimia. Wapime upana wa vyumba vitano katika nyumba tofauti, ukuta kwa ukuta, bila kugusa lipu. Watashangaa kuona kwamba vyumba vinaweza kuwa virefu, lakini upana unakaribiana, kama mita mbili na nusu hivi. Usiwape jibu. Waulize paa lilibebwa na nini. Jibu ni boriti za mikoko: paa zito la mawe na chokaa halikuweza kulala juu ya boriti ndefu kuliko hapo, kwa hiyo mti wa mkoko ndio uliokata kipimo cha chumba. Mtoto aliyegundua hilo kwa utepe wake hatalisahau.

Kazi ya pili iwe zidaka, vile vishubaka vya ukutani: vingapi, viko kimo gani, na taa ingekaa wapi. Ya tatu, majina ya nyumba. Ziliitwa kwa vitu vilivyochimbuliwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Birika, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Fedha za Kichina. Mwenye nyumba hakuziita hivyo. Hapa pana somo zuri la lugha pia, maana mabango ni ya Kiingereza: nyumba moja imepewa jina la bakuli la kauri, nyingine la kauri za baharini, na sisi neno letu ni moja kwa vyote viwili. Wanafunzi waseme wenyewe wangezitofautishaje.

Chakula kibaki kwenye basi. Choo kabla ya kuingia njiani. Hesabu vichwa kila mnapotoka jengo moja.

SWALI: Kima walinipora mfuko wa ndizi. Kuna namna ya kuwazuia? (Msomaji, Watamu)

JIBU: Usiwe na ndizi. Kima wa Gede wanajua sauti ya mfuko wa plastiki. Chakula kikae ndani ya begi lenye zipu, na begi livaliwe mgongoni kwa kamba zote mbili. Wasikulie mkononi: aliyezoea kulishwa humng'ata mgeni wa kesho anayekuja mikono mitupu, na jeraha la kima linahitaji hospitali siku hiyo hiyo, kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Akikunyakulia kitu, mwachie. Osha jeraha lolote kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano.

Mnyama wa kumtafuta kwa macho ni mwingine, naye yuko chini: njule, mwenye pua ndefu kama mkonga mdogo na matako ya rangi ya dhahabu. Anaishi katika misitu michache tu ya pwani ya Kenya, mkubwa ukiwa Arabuko-Sokoke ulio jirani. Simama kimya kwenye njia ya nje asubuhi, usikilize majani makavu yakikwaruzwa.

SWALI: Mji wenye msikiti mkubwa namna ile ulihamwa kwa nini? Kila kiongozi wa wageni ananipa jibu lake. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Kwa sababu hakuna barua wala kitabu cha zamani kinachosema. Wareno walikaa Malindi, kilomita kumi na tano hivi kutoka Gede, karibu miaka mia moja, na hawakuandika neno juu ya mji huu kwa jina tunalolijua. Hata jina Gede husemekana ni la Kioromo, na huenda mji uliitwa jina jingine. Kinachojulikana kimetoka ardhini, hasa katika uchimbuzi ulioanza mwaka 1948 na kuendelea miaka kumi chini ya mwanaakiolojia James Kirkman: watu waliishi hapa tangu karne ya 11 au 12, utajiri ulifika kileleni karne ya 15, na mwanzoni mwa karne ya 17 mji ulikuwa mtupu.

Sababu zinazotajwa ni kadhaa. Mwaka 1589 Wazimba, wapiganaji waliotokea upande wa Zambezi, walipita pwani wakiivamia Mombasa na kuelekea Malindi. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu na mtawala wa Malindi akahamia Mombasa, na biashara ikamfuata. Waoromo walikuwa wakisukuma kutoka kaskazini. Na kuna maji. Visima vya Gede vilichimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na kuna dalili kwamba baadhi vilizidishwa kina baadaye, jambo linalofanywa na watu ambao maji yao yanashuka.

Sisi tunaamini maji yana uzito kuliko yanavyopewa. Jeshi huondoka na watu wakarudi. Mji wenye msikiti, makaburi ya wazee na nyumba za mawe haukimbiwi moja kwa moja kwa vita moja. Lakini ndoo ikigusa tope, hakuna cha kurudia. Ukifika, angalia pia ukuta wa ndani, uliojengwa baada ya ule wa nje. Wa nje ulizunguka karibu ekari 45, wa ndani ukaifunga sehemu ndogo tu ya mji. Mji uliojifungia ndani ya eneo dogo umekwisha kupungukiwa na watu, au na amani, au vyote viwili.

SWALI: Niliokota kigae cha buluu na nyeupe njiani. Nimekiweka vizuri nyumbani. Kuna ubaya? (Hakutaja mahali)

JIBU: Upo, na unaweza kurekebishwa. Kirudishe kwa walinzi wa Gede, uwaeleze kwa kadiri unavyokumbuka ulikiokota wapi. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 inalinda vitu vya kale, na kuviondoa bila kibali ni kosa.

Sababu yenyewe ni hii. Kigae kikiwa kwenye tabaka lake ni saa ya ukutani. Kauri za Kichina zinajulikana zilitengenezwa nyakati gani, kwa hiyo kigae kilichokutwa chini ya sakafu kinasema sakafu hiyo haikupigwa kabla ya wakati huo. Kigae hicho hicho kikiwa kwenye kabati lako ni kipande cha sahani. Ukiona kingine, kiache kilivyolala, kipige picha pamoja na kitu cha kuonyesha ukubwa, ukamwonyeshe mlinzi.

Kuna jambo la adabu pia. Kwa Wamijikenda wa eneo hili magofu ni mahali pa mizimu, na wapo wanaokuja kuomba. Ukikuta sadaka chini ya mti au karibu na kaburi, usiisogeze, usiipige picha bila ruhusa. Makaburini usikae wala kuegemea.

SWALI: Je, naweza kurusha droni? (Mpiga picha, Mombasa)

JIBU: La, ila uwe na kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga na cha makumbusho, vyote mkononi. Tena hakuna faida kubwa: kutoka juu utapiga picha ya majani. Piga kutoka chini, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, mwanga ukiingia kwa upande.

SWALI: Vipi kuhusu nyoka? Mke wangu amekataa kwenda kwa sababu hiyo. (Msomaji, Voi)

JIBU: Wapo, na si haki kumficha. Misitu ya eneo la Watamu ina koboko wa kijani, ambaye huishi mitini na humkimbia mtu. Hatari huja pale mkono unapoingia usipoona: kwenye tundu la ukuta, kidaka chenye majani, au tawi unalolishika kujivuta. Basi kanuni ni kutembea katikati ya njia, macho mbele ya miguu, na mikono usiitie popote. Ukikaa, kaa kwenye benchi.

Mtu akiumwa, mkalishe chini na kumtuliza, mvue pete na bangili kabla mkono haujavimba, funga kiungo kwenye kijiti kisitikisike, mbebeni badala ya kumtembeza, na mpelekeni hospitali mara moja. Msichanje, msinyonye, msikaze kamba. Sumu ya koboko hulegeza misuli ya kupumua, kwa hiyo kinachookoa ni kufika hospitali mapema.

SWALI: Tulikwenda Takwa kutoka Lamu, mashua ikakwama kwenye mikoko saa tatu nzima. Nahodha alisema maji yalitusaliti. Tungejuaje? (Msomaji, Lamu)

JIBU: Kwa kuhesabu mwezi. Takwa imejificha nyuma ya mkondo wa mikoko unaopitika maji yakijaa tu. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji makuu kwenu huangukia alfajiri na alasiri. Yanaingia kwa wingi na kutoka kwa kasi. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, hujaa katikati ya asubuhi, lakini kidogo, na mashua yenye mzigo inaweza kugusa chini.

Kwa hiyo ama nendeni alasiri ya bamvua, muingie mkondoni saa moja na nusu kabla ya maji kujaa, mkatoke yakianza tu kurudi. Au mngoje siku nne, tano baada ya bamvua, maji yanapojaa saa mbili, tatu asubuhi. Mkubaliane na nahodha saa ya kuondoka kabla hamjapanda, na mmoja wenu ashike saa. Kilichowakwamisha, kwa kawaida, ni dakika ishirini za picha za mwisho. Takwa inatosha kwa saa moja na nusu: msikiti wenye nguzo juu ya kibla, mabaki ya nyumba, na kaburi la mnara lenye mwaka wa Hijria 1094, karibu na 1683.

SWALI: Mama yangu ana miaka 74 na magoti mabovu. Anatamani kuona Gede kabla magoti hayajakataa kabisa. Ataweza? (Msomaji, Mazeras)

JIBU: Ataweza, akipangiwa vizuri. Njia kuu ndani ya mji ni tambarare. Kinachochosha magoti ni vizingiti vya mawe, kwa kuwa kuingia na kutoka nyumba moja ni kuvuka viwili au vitatu. Mchagulieni majengo mawili tu: Msikiti Mkuu, na nyumba moja jirani na njia. Mengine ayatazame kutoka nje. Fikeni asubuhi ya siku kavu, kwa tuktuk hadi langoni, bila kutembea ile kilomita. Fimbo iwe na mpira chini, isitoboe wala kuteleza. Akivuka kizingiti, mguu wenye nguvu utangulie kupanda, mguu mbovu utangulie kushuka, nawe usimame upande wa goti bovu umpe mkono, ili asiushike ukuta. Njia ya nje mwachieni.